Wati Kumi na Tano Zinatosha

Resiva ya stirio ya daraja la chini ya miaka ya 1970, tuseme Pioneer SX-450 au Marantz 2215, inatoa wati 15 kwa kila upande. Mnunuzi wa leo akitajiwa namba hiyo anageuka na kwenda zake. Sokoni Bunia, mashariki mwa Kongo, anapata kisanduku cha plastiki chenye taa za rangi, na kibandiko chake kinatangaza maelfu ya wati. Lakini zile 15 ni za haki. Mwaka 1974 serikali ya Marekani iliwabana watengenezaji wataje nguvu ambayo ampli inaweza kuitoa mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi pamoja, na waseme pia sauti inaharibika kwa kiasi gani inapofika hapo. Namba ya kisanduku cha plastiki, ile inayoandikwa PMPO, haina sheria nyuma yake. Ni kilele cha kufumba na kufumbua, kila mtengenezaji akikihesabu apendavyo.

Mafundi wa Bunia wanaijua tofauti hiyo vizuri. Kazi ninayotaka kuisifu hapa ni ile ya kuitafutia resiva ya namna hii bafle (boksi zenye spika) zinazoifaa, kwa pesa ambazo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzikusanya. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuchagua, na kuchagua kunafanyika kabla chuma cha kulehemu hakijashika moto. Anayepita barabarani hawezi kujua kama kazi inaendelea. Anamwona tu mzee ameshika spika kuukuu, anaigeuzageuza, anaibonyeza, anaiweka chini, anachukua nyingine.

Resiva zenyewe zimefika Ituri, mkoa wa Bunia, kwa njia nyingi. Nyingine zimo mjini tangu enzi za Zaire. Nyingine zimekuja majuzi pamoja na mitumba inayopita Kampala na kuingia kwa Mahagi, kwa Aru, au kwa maji hadi Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Zimedumu kwa sababu zilijengwa zifunguke: skrubu za kawaida, transfoma nzito ya chuma, transista zinazoonekana kwa macho na kubadilishika kwa mkono. Fundi akishasafisha potenshiometa ya sauti na kubadilisha kapasita zilizokauka, resiva inaimba tena. Hapo ndipo swali gumu linapoanza: inaimbia ndani ya nini?

Kila spika ina kipimo cha usikivu. Unaipa wati moja, unasimama mita moja mbele yake, unapima desibeli. Bafle ndogo ya kisasa ya kuweka rafuni inaweza kutoa 84 au 86. Spika ya karatasi nyepesi yenye sumaku nzuri inaweza kutoa 92, hata 95. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, kumbe zimeachana sana. Kila desibeli 3 zinadai nguvu maradufu. Desibeli 6 zinadai mara nne. Desibeli 10 zinadai mara kumi. Kwa hiyo resiva ya wati 15 ikiunganishwa na bafle ya desibeli 92 inasikika kwa ukubwa uleule wa ampli ya wati 60 inayosukuma bafle ya 86. Ni kama milango miwili: mmoja unafunguka kwa kidole, mwingine unataka bega. Na kwa kuwa usikilizaji wa kawaida wa jioni hautumii hata wati mbili, mwenye mlango mwepesi anabaki na akiba kubwa kwa ajili ya pigo la ngoma na mlipuko wa tarumbeta.

Nilimsikia kijana mmoja akiuliza kwenye benchi la fundi, huku akionyesha bafle nyeusi ya kisasa, nzito na maridadi: “Papa, ile si ndiyo ina nguvu?” Mzee akamjibu bila kuinua kichwa: “Ile inakula nguvu, mtoto wangu. Hii yako itailisha nini?”

Jibu hilo lina historia ndefu ndani yake. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walieleza spika yenye koili inayocheza ndani ya sumaku na kusukuma karatasi, na umbo hilo ndilo tunalolitumia hadi leo. Ampli za wakati ule zilikuwa na wati chache mno, kwa hiyo spika zilitengenezwa nyepesi na kuwekwa katika makabati makubwa. Mwaka 1954 Edgar Villchur, Mmarekani, akaleta AR-1: boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi, na besi ikashuka chini kuliko boksi la ukubwa ule lilivyowahi kufika. Bei ya ajabu hiyo ilikuwa nguvu. Karatasi yake ilikuwa nzito, na ilihitaji ampli yenye misuli. Wati zilipokuja kuwa rahisi kwa sababu ya transista, dunia ilimfuata Villchur, na maboksi makubwa mepesi yakarudi nyuma. Mhandisi Anton Hofmann aliweka jambo hili katika kanuni ambayo watu wa fani hawajaivunja: besi ya chini, boksi dogo, usikivu mkubwa, chagua mawili, la tatu ulisamehe.

Fundi wa Bunia anasamehe udogo wa boksi. Na hapa ndipo akili ya mahali inapoonekana, kwa sababu Ituri mbao zipo. Zinatoka njia ya Komanda na Mambasa, mbao za msituni ambazo mahali pengine zingeitwa anasa. Kilicho adimu ni umeme. Bwawa la Budana kwenye mto Shari lilijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto, na hadi sasa nyumba nyingi za mji zinategemea paneli ya jua na betri, au jenereta. Mahali ambapo wati ina gharama na ubao unapatikana, kulipia sauti kwa ubao ni hesabu sahihi. Wahandisi wa nchi tajiri walilipia kwa wati kwa sababu wao wati ndizo walizokuwa nazo.

Basi fundi anatafuta spika nyepesi, na anazitafuta mahali ambapo wengine wanaona takataka. Chimbo la kwanza ni redio za lampu za miaka ya 1950 na 1960, Philips na Grundig za kabati la mbao, ambazo zimekufa ila spika zake ni nzima. Redio zile zilikuwa na wati chache, hivyo spika zake zilizaliwa na adabu hiyo: karatasi nyembamba, pindo la karatasi au kitambaa lisilooza. Chimbo la pili ni makanisa. Mji una makanisa mengi yenye vyombo vya muziki, na spika za jukwaani za inchi 10 au 12 huungua koili na kutupwa stoo huku sumaku na fremu zikiwa hazina kasoro. Hizo zinafika desibeli 95 na zaidi. Chimbo la tatu ni spika za magari. La nne ni stirio za plastiki zilizoharibika, ambazo spika zake zinaweza kuwa nzuri kuliko boksi lake la vumbi la mbao lililokwisha kuvimba kwa unyevu.

Kila chimbo lina mtego wake, na fundi mzuri anaujua kila mmoja. Chukua zile za Philips. Kuna redio za Philips ambazo wahandisi waliamua kuondoa transfoma ya kutolea sauti, na kwa ajili yake wakatengeneza spika za omu 800, yaani zenye ukinzani mkubwa mno. Kwa macho spika hiyo inafanana na dada yake ya omu za kawaida. Ukiiunganisha na resiva ya transista, inanong’ona tu, na asiyejua atasema resiva imekufa. Kwa hiyo mita ndiyo inayotangulia. Spika ya omu 8 ikipimwa kwa mita ya kawaida inaonyesha karibu 6. Ya omu 4 inaonyesha tatu na ushee. Fundi anaandika namba kwa chaki mgongoni mwa sumaku, na spika ambayo haijaandikwa haigusi resiva ya mteja.

Baada ya mita inakuja betri ya volti 1.5, ile ya tochi. Hapa inafaa kutazama kwa karibu. Fundi anakamata waya mbili, anagusisha betri mara moja na kuachia. Karatasi inaruka mbele kidogo na kurudi, na spika inatoa “tak”. Anasikiliza tak hiyo. Ikiwa safi na kavu, koili iko huru. Ikiwa na mkwaruzo, koili inagusa chuma. Na akiona karatasi imeruka mbele, anaweka alama ya chanya upande uliogusana na chanya ya betri. Ikirudi nyuma, anabadilisha alama. Alama hiyo ndogo inaokoa besi yote, kwa maana spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja inavuta hewa wakati nyingine inasukuma, na sauti za chini zinafutana katikati ya chumba.

Kisha anatia vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya karatasi, anaibonyeza polepole pande zote sawa, sikio likiwa karibu. Nafasi kati ya koili na sumaku ni sehemu ndogo ya milimita. Kama koili imeungua, anakata mfuniko wa katikati, anaitoa, anahesabu mizunguko ya waya wa zamani huku akiukunjua, na kuzungusha mpya kwa waya wa shaba wa unene uleule. Anaporudisha, anachomeka vipande vyembamba vya filamu ya eksirei kati ya koili na chuma cha katikati ili koili isimame wima wakati gundi inakauka. Kesho yake anavichomoa kimoja kimoja. Sijaona namna bora zaidi ya kuelewa neno usahihi kuliko kumtazama mtu akichomoa kipande cha mwisho cha filamu, akabonyeza karatasi, na karatasi isitoe mlio wowote.

Spika za magari zinadai hesabu ya aina nyingine. Nyingi ni za omu 4, na resiva nyingi za kale zenye nguvu ndogo zinapumua vizuri kwenye omu 8. Omu zikishuka, mkondo wa umeme unaongezeka, transista zinachemka, na transista za miaka ile hazipatikani kila duka. Fundi anaunga spika mbili kwa mfuatano: chanya ya moja, hasi yake kwenda chanya ya pili, na omu zinakuwa 8. Sasa spika mbili zinagawana wati zilezile, lakini eneo la karatasi linalosukuma hewa limekuwa mara mbili, na kinachopotea kwa kugawana kinarudi kwa kushirikiana. Mteja anapata bafle yenye spika mbili kwa bei ambayo haifiki spika moja mpya. Fundi anamwonya pia juu ya swichi ya A na B iliyo usoni mwa resiva: katika resiva nyingi, kuwasha jozi zote mbili pamoja ni kuzifunga sambamba, na jozi mbili za omu 4 zinageuka omu 2. Kamba hukatikia pabovu, na hapo pabovu ni transista.

Spika ndogo ya sauti za juu inahitaji mlinzi. Ikiungwa moja kwa moja, besi itaivunja. Mlinzi wa bei nafuu kuliko wote ni kapasita moja isiyo na chanya wala hasi. Ya mikrofaradi 4.7 na spika ya omu 8 inaanza kufungulia njia sauti za kama hezi 4,200 kwenda juu. Kapasita ya namna hiyo ikikosekana dukani, fundi anachukua mbili za kawaida za mikrofaradi 10 kutoka kwenye bodi iliyokufa, anaziunga hasi kwa hasi, na zinakuwa moja ya mikrofaradi 5 isiyochagua upande. Spika hiyo ndogo ina adui mwingine ambaye watu hawamtarajii: ampli dhaifu iliyolazimishwa. Resiva ya wati 15 ikisukumwa kupita uwezo wake, mawimbi yanakatwa vichwa, na joto la ukataji huo linaishia kwenye koili nyembamba ya juu. Ndiyo maana bafle sikivu inalinda vyombo vyote viwili: mwenye nayo hana sababu ya kukaza kitufe hadi mwisho.

Kisha boksi. Spika ya inchi 8 inaweza kuridhika na lita 30 hivi, yaani bido moja na nusu ya mafuta; ya inchi 12 inataka maradufu na zaidi. Fundi na seremala wanafanya kazi bega kwa bega. Uso wa mbele unakuwa wa ubao mnene, mgongo wa triplex, ndani wanatia kipande cha mbao kinachounganisha kuta mbili zisitetemeke. Povu la godoro kuukuu linabandikwa ukutani ndani, kiasi tu, maana likizidi linanyonya uhai. Kwa tundu la besi wanachomeka bomba la plastiki la maji lililoachwa refu kwa makusudi. Fundi anasikiliza, anakata sentimita moja kwa msumeno, anarudisha, anasikiliza tena. Kadiri bomba linavyofupika ndivyo besi inavyopanda. Neville Thiele alichapisha hesabu za jambo hili Australia mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Mtu mwenye kompyuta leo anazipata kwa dakika. Fundi anafika palepale kwa msumeno na sikio, na anajua pa kuachia.

Jaribio la mwisho linanivutia kuliko yote. Wengi wangeanza na muziki. Mafundi wazuri niliowaona wanaanza na habari. Wanafungua Radio Okapi, iliyoanza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, au Radio Candip, ambayo wana Bunia wameikulia, na wanasikiliza mtangazaji akizungumza. Sauti ya mtu tunaifahamu tangu tumboni, haiwezi kutudanganya. Kama mtangazaji wa kiume anasikika kama yumo ndani ya pipa, boksi linavuma na linahitaji kufungwa vizuri. Kama herufi “s” inachoma, kapasita ya juu ibadilishwe au spika ndogo ipunguziwe nguvu. Hakuna muziki unaowekwa hadi mtangazaji asikike kama amekaa kwenye kiti mbele yao.

Baada ya hapo inakuja rumba, na rumba ina ukarimu kwa vyombo vidogo. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa hezi 41, lakini sikio linaufuata zaidi kwa sauti yake ya maradufu ya hezi 82, ambapo hata boksi la kawaida linafika. Magitaa ya OK Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1956 na kubebwa na mpiga gitaa Franco hadi kifo chake mwaka 1989, yanaishi katikati, mahali ambapo karatasi nyepesi inajua kusema kweli. Fundi anasubiri sebene, sehemu ya wimbo inayotawaliwa na magitaa. Magitaa yanaposhikana, anataka kulisikia kila moja peke yake, la solo, la mi-solo, la kusindikiza, bila kuinua sauti. Yakichanganyika na kuwa uji, kazi haijaisha.

Halafu anakwenda nyumbani kwa mteja, kwa kuwa chumba nacho ni sehemu ya chombo. Bafle ikisogezwa karibu na ukuta besi inaongezeka. Ikiwekwa kwenye kona inaongezeka zaidi, bure kabisa, bila wati hata moja. Ukuta wa matofali ya kuchoma unairudisha vizuri. Kama resiva inatumia konvatisa (kigeuzi cha umeme) ya bei ndogo kwenye betri ya jua, transfoma inaweza kuguna, na bafle sikivu itauonyesha mguno huo kwa sababu haifichi kitu. Fundi anaupokea kama taarifa: anatenganisha nyaya za umeme na za sauti, anafunga waya wa ardhi, au anamshauri mteja akusanye pesa za konvatisa yenye wimbi safi.

Kongo ina ukoo mrefu wa watu wa aina hii. Mawangu Mingiedi na kundi la Konono Nº1 mjini Kinshasa walichukua sumaku za vyuma vya magari makuukuu wakatengeneza maikrofoni za ala ya likembe, na dunia nzima ikaja kusikiliza. Bunia haina jina hilo, na miaka yake imekuwa mizito. Vita vya 1999 hadi 2003 na mashaka yaliyofuata viliwakimbiza watu na walichoweza kubeba kichwani. Resiva ya transfoma ya chuma haibebeki kirahisi. Kila moja inayowaka leo mjini inawaka kwa sababu kuna mtu aliyeona inafaa kuihifadhi na mwingine aliyejua kuifufua.

Jambo moja tu katika biashara hii halijakaa sawa. Mteja analipia waya, gundi, ubao na lehemu, na hapo anabishana hadi senti ya mwisho. Kuchagua halipii, kwa sababu hakuonekani. Lakini ubao na waya mtu yeyote anaweza kununua; kilichofanya wati 15 zijaze nyumba ni uamuzi wa kuchukua spika hii na kuiacha ile, na uamuzi huo umegharimu miaka ya kubonyeza karatasi na kusikiliza tak. Kijana anayejifunza kwenye benchi hilo ataendelea kujifunza iwapo ataona masikio ya mwalimu wake yana thamani sawa na mikono yake. Ukimpelekea fundi resiva yako, muulize kwanza amekataa spika ngapi kabla ya kuchagua zako, na umlipe na kwa hizo alizozikataa.